Kisigino Chini, Akello

Zahara wangu,

Mdogo wako Mariam ameolewa. Nimeanza na hilo kwa sababu ndilo ungeniuliza kwanza, tena kwa kelele. Hina ilifanyika Alhamisi mchana, hapo kwenu, na mimi nikacheza. Ndiyo, mimi. Peke yangu. Sasa tulia nikusimulie, maana nina hasira nawe na nina machozi, na sijui kipi kitatangulia.

Baada ya msiba wako niliacha darasa letu la kucheza tumbo. Jumamosi ikifika nafua nguo ambazo hazijachafuka. Mwalimu Rukia akapiga simu, nikamwambia mgongo unauma. Mgongo ulikuwa mzima. Ni magoti. Siku ile nilijifunga leso kiunoni kama wanawake wengine, na kwa kuwa mimi ni Mkristo nikabaki barazani wakati shangazi zako wanakuosha. Nikawa nasikia maji tu. Tangu hapo kila nikijifunga kitu kiunoni nayasikia yale maji, na magoti yanakaza. Na mtu atacheza tumbo vipi na magoti yamekaza? Unajua mwenyewe, mtikiso wote unaanzia gotini.

Mwishowe nilirudi. Ukumbi ni ule ule wa Kamwokya, juu ya saluni, harufu ya nywele zinazochomwa inapanda mpaka dirishani. Yule nesi yupo, yule muuza ndizi yupo, na yule anayecheka kabla muziki haujaanza. Kushoto kwangu, mahali pako, hakuna aliyesimama. Mwalimu bado anatupigia kelele, "Nyonga ziseme, kifua kinyamaze!" Tukachora nane kwa nyonga, tukachora duara, nikafuata vyote, mkavu kama mwiko. Ilipofika kutikisa, visigino vyangu vikainuka.

Unakumbuka ulivyonicheka? Mimi Mwacholi, mtoto wa polisi kama wewe, lakini shule ya msingi ilinifundisha ngoma ya Kiganda kwa ajili ya mashindano, na kiuno cha Kiganda kinaendeshwa na miguu, visigino juu. Mwalimu Rukia wa watu, katoka Mombasa, hakuelewa kwa nini nahangaika hivyo. Ukamweleza wewe, umeshika mbavu: "Mwalimu, mwache, huyu anamchezea Kabaka!" Halafu ukaninong'oneza, na kila Jumamosi ukawa unaninong'oneza hivyo hivyo: "Kisigino chini, Akello." Nilikuwa naudhika! Banange, nilikuwa naudhika. Leo ningetoa chochote uniudhi tena.

Na ni wewe uliyeniburuta huko. Ulisema lazima siku ya hina tumchezee Mariam kitu ambacho kambi nzima ya polisi haijawahi kuona. Ukapanga wewe: mimi natokea kulia, wewe kushoto, tukikutana katikati tunagonganisha nyonga, sarafu zilie. Mshipi wako wa sarafu ukauficha kwangu, maana Mama yako alishasema kucheza tumbo ni mambo ya baa za Kabalagala. Hata ulipolazwa Mulago uliniuliza kama mshipi uko salama. Vidole vyako vilikuwa vinagonga shuka: dum, tak-tak, dum, tak. Nikajipa moyo kwamba utapona, kwa sababu mtu anayekufa hapigi ngoma. Kumbe anapiga.

Wiki moja kabla ya hina, Mama yako alikuja kwangu. Nikajua yamenikuta. Hakukaa, chai hakutaka. Akasema, "Mshipi wa mwanangu uko kwako. Siku ya hina uje nao, uje ucheze." Akaondoka. Sikujua nani amemwambia, na sikuthubutu kumfuata kumuuliza.

Basi nikaenda. Wanawake peke yao, mapazia yameshushwa, udi unafuka, Mariam kanyoosha mikono hina ikauke. Mama akautoa mshipi kwenye mfuko wangu, akaukung'uta mbele ya wote, akanifunga yeye mwenyewe. Alivuta fundo kwa nguvu kama anafunga mzigo. Yale maji, Zahara, nikayasikia hapo hapo.

Nikatokea kulia. Nikachora nane, nikachora duara, kifua kimenyamaza. Nikafika katikati, nikatupa nyonga kushoto kama tulivyopanga, na nyonga haikukuta mtu. Nikasimama. Sarafu nazo zikanyamaza. Mariam akaanza kulia, bambi maskini, na hina ile hawezi hata kujifuta. Mimi visigino vimeshainuka, naangalia mlango ulipo.

Mama yako, pale pale mkekani, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Kisigino chini, Akello."

Baadaye ndipo aliponiambia. Ya mshipi aliyasikia Mulago uliponiuliza, na ya ngoma aliyajua zamani. Ulikuwa unafanya mazoezi jikoni, sufuria inachemka, ukidhani yeye anaswali. Kumbe yuko nje ya mlango anakuchungulia. Unacheza, unafika katikati, unatupa nyonga kulia ambako mimi sipo, unacheka peke yako na kuuambia ukuta, "Kisigino chini, Akello." Hakuingia hata siku moja. Aliogopa kwamba ukijua anakuona, utaacha.

Nilishusha visigino. Magoti yakafunguka, na machozi nayo, nikatikisa mpaka mwisho nalia hivyo hivyo. Shangazi zako walipiga vigelegele. Mama yako alipiga makofi bila kunitazama, kajifunika uso kwa mtandio. Mshipi nilipomrudishia aliukataa, akasema ukae unakokaa.

Haya, dada yangu. Mwenyezi Mungu akurehemu, akupe kivuli huko uliko. Jumamosi hii nitakuwa Kamwokya, na Mariam anasema fungate ikiisha naye atakuja. Nitamwonyesha kila kitu, ila asimame nyuma yangu. Kushoto pabaki pako. Nakuahidi, kila tukifika katikati nitatupa nyonga upande huo, hata wakinishangaa. Wewe ulicheza na mimi nikiwa sipo. Sasa ni zamu yangu.

Akello wako