Mashine ya Msasa Niliyoichagua kwa Mkono Wangu

Mkonze, Dodoma
Jumapili

Mke wangu Mama Neema,

Hujambo wewe na mtoto? Kile kikohozi cha Neema kimeisha, au bado kinamsumbua? Mvua za huko Kasulu zimeanza? Huku ni jua na upepo wa vumbi, kama kawaida ya Dodoma. Mwili wangu ni mzima. Moyo ndio umechafuka, na barua hii nimeichana mara mbili kabla ya kuimaliza, kwa hiyo unisamehe mwandiko.

Kazi yangu kwa Mzee Lameck unaijua. Wengine wanakata mbao, wengine wanapiga randa, na mimi na wenzangu wawili tulikuwa tunapiga msasa kwa mkono mpaka meza iwe tayari kwa vanishi. Nilikuahidi uje baada ya mavuno kwa sababu kazi ilikuwepo, maofisi hayaishi kuagiza meza.

Basi mwezi uliopita Mzee Lameck akaniita pembeni. "Baba Neema, tangu serikali iruhusu bidhaa za nje maduka yamejaa mashine za kila namna. Nataka ya kupigia msasa, lakini wauzaji hawa waongo. Mkono wako ndio unaojua. Twende ukanichagulie."

Na mimi, mjinga wa kutupwa, nikafurahi. Nikavaa lile shati langu la kanisani! Nikachukua na kipande cha mninga cha kujaribia.

Dukani tuliwekewa mashine tatu. Ya kwanza ilikuwa ya mkanda, muuzaji akaisifia mpaka jasho likamtoka. "Fundi, hii haichoki, inakula mti kama mchwa." Kweli ilikula. Niliigusisha kidogo tu, ikaacha bonde kwenye ubao. Nikamwambia bosi hiyo ni ya kuparulia milango mikuukuu, juu ya meza itamharibia kazi. Ya pili ilikuwa nyepesi, yenye kitako cha mraba. Ilitikisika mpaka vidole vikafa ganzi, na nilipopangusa ubao kwa kitambaa chenye maji nikaona viduara vidogo vidogo vimejaa. Ukipaka vanishi juu yake vyote vinajitokeza.

Hapo ndipo ilinipasa ninyamaze, mke wangu. Mzee Lameck alikuwa ameshaanza kuaga, anasema labda mashine hizi hazikutengenezwa kwa mti wetu. Lakini ya tatu ilikuwa bado ipo pale, na mimi siwezi kuona kifaa nisikiguse. Kitako chake cha duara kinazunguka huku kinachezacheza, na ina mfuko wa kukusanyia vumbi. Nikaipitisha juu ya ubao, nikafumba macho, nikapapasa kwa kiganja. Laini. Laini kuliko kazi yangu ya siku nzima.

"Vipi?" bosi akauliza.

"Hii ndiyo," nikasema. "Hii haina kasoro."

Ningeweza kudanganya, neno moja tu. Sikudanganya, na mpaka leo sijui kama ule ulikuwa uaminifu au majivuno.

Bosi akainunua, na wiki mbili hazikupita. Shemeji yake Mzee Lameck, ambaye hajawahi kushika msasa maishani mwake, anamaliza kabla ya saa sita mchana meza ambazo sisi watatu tulikuwa tukizisugua siku mbili. Nikajipa moyo kwamba mgawo wa umeme utanirudishia kazi, Mzee Lameck akaleta jenereta. Ijumaa ya wiki iliyopita akatuita wote watatu, akatuaga. Mimi alinishika mkono kwa mikono yake miwili. "Umenisaidia sana, Baba Neema." Nilitamani kumtemea mate.

Sasa liko jambo jingine. Mwenye karakana moja ya mjini alikuja kunitafuta hapa Mkonze. Amesikia kwamba mimi ndiye niliyechagua, anataka nimchagulie na yeye, na safari hii mashine niiendeshe mimi mwenyewe, kazi ya kudumu. Hiyo ndiyo karakana anayofanyia kazi Athumani, mwenzangu tunayepanga naye chumba, yule aliyenipokea niliposhuka kwenye treni simjui mtu. Naye pale anapiga msasa.

Nimelifikiria siku tatu. Nimemkasirikia Mzee Lameck, nimeikasirikia mashine, na wewe pia nimekukasirikia, usishangae, maana kila barua unauliza utakuja lini. Neema hajaniona mwaka wa pili huu. Jana nimekubali. Jumanne tunakwenda dukani, na nitachagua iliyo nzuri, kwa sababu nikichagua mbovu hata mimi nitafukuzwa.

Kwa hiyo anza kufunga mizigo. Kuku mwachie mama. Mwambie kaka yako akusindikize mpaka Kigoma upande treni, mimi nitakungoja stesheni.

Msalimie sana mama yangu, umwambie nimekonda kidogo tu. Msalimie shangazi aliyemuuguza Neema, na mzee jirani anayetuangalizia shamba la mihogo.

Athumani anakusalimu. Amesema ukija atatuachia chumba, yeye atatafuta pengine. Amekuchongea mwiko wa mninga wa kusongea ugali, ameusugua jioni tatu hapa mlangoni, na sasa hivi ananiambia nikuandikie kwamba mkono wake si wa mchezo. Bado sijamwambia.

Ni mimi mumeo,
Baba Neema