Vipande Ishirini na Sita vya Mamba

Jumamosi, 2 Machi

Mamba amekwisha! Leo alasiri nimekaza kifungo cha mwisho cha taya. Mgongo wa sponji, magamba ya mapazia ya zamani, mkia unaoburuza hadi mlangoni. Mwalimu wa maigizo amekuja kumjaribu. Akaingia ndani, akatambaa sebuleni kwa magoti, akagonga meza. Akasema kutoka tumboni kwamba huyu ni mamba bora kuliko wote aliowahi kuvaa. Sikumuuliza amevaa wangapi.

Mchezo wa shule ni Jumanne ya tarehe 12, saa tisa alasiri. Nimeomba mamba abaki kwangu nimpige picha. Mwalimu amekubali, atamfuata siku hiyohiyo.

Pia nimebandika ratiba mpya ukutani. Asubuhi kushona. Jumatano na Jumapili tarumbeta. Ijumaa kuogelea. Kila siku nusu saa ya hesabu, nisije nikaumbuka chuo wakiniita. Baba ameisoma yote akiwa amesimama na kikombe chake, kisha akauliza kulala ni siku gani.

Jumatatu, 4 Machi

Chuo wameniita! Usaili wa kozi ya mavazi ya jukwaani. Barua nimeisoma mara nne kimyakimya na mara ya tano kwa sauti, Baba naye asikie. Ndipo nikafika aya ya mwisho. Niende na picha ya vazi nililobuni mwenyewe pamoja na violezo vyake vya karatasi. Yaani kila kipande kichorwe, kikatwe, kipewe namba, ili fundi asiyenijua kabisa aweze kushona vazi lilelile.

Karatasi sina. Sijawahi kuwa nayo. Mama alinifundisha kukata kwa jicho — unamwekea mtu kitambaa mwilini, unabana pini, mkasi unaenda. Vipimo vyote alikuwa navyo kichwani, na alipofariki aliondoka navyo. Koti alilomshonea Baba limekwisha viwiko. Nimejaribu mara tatu kushona jingine kama lile, nimeshindwa. Inaniuma. Hiyo ndiyo sababu nataka chuo, ingawa kwenye fomu niliandika "kupanua ujuzi".

Na usaili ni lini? Jumanne tarehe 12, saa nne asubuhi. Siku nyingine zote za mwaka zimeonekana hazifai.

Jumatano, 6 Machi

Nimejaribu kumpima mamba kwa nje na kumchora. Nimechora, nimekata, nimegundisha. Kimetokea kiatu. Kiatu kikubwa, kizuri, chenye meno.

Nimefika kwenye tarumbeta nimechelewa na chaki midomoni. Kiongozi wetu wa bendi tunamwita Mapafu, na ana haki ya jina hilo. Ameniambia nisipige noti za juu leo, nijifanye tu. Nimejifanya saa nzima. Amenisifu kuliko siku zote.

Alhamisi, 7 Machi

Njia ni moja tu, na nilikuwa naijua tangu jana ila sikutaka kuiandika. Vipimo vya mamba vimo ndani ya mamba. Sharti afumuliwe.

Nimekaa naye muda mrefu, mkasi mdogo mkononi. Nikaanza na goti la nyuma, mahali ambapo mtu hataona nikijuta. Baada ya mishono mitatu nikajua sitajuta wala sitarudi. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Kufika saa saba mchana sebule nzima ilikuwa mamba.

Baba ameingia, akasimama mlangoni, hana pa kukanyaga.

"Si ulisema umemaliza?"

"Nilimaliza."

"Sasa?"

Nikamweleza. Akasikiliza vizuri, maana Baba ni msikilizaji mzuri pale anapokusudia kukataa. Akasema mama yako hakuhitaji haya. Akasema karatasi haivaliwi, mwanangu. Kisha akaruka taya la chini, akapita kwenda chumbani.

Jumamosi, 9 Machi

Vipande ishirini na sita. Nilidhani ni kumi na nane hivi! Kumbe nilikuwa nimeshona vitu nisivyovijua. Kila kimoja napiga pasi, nalaza juu ya karatasi, nachora pembeni, naandika namba, naweka mshale wa kuonyesha kinaungana na nani. Najichekea mwenyewe kila nikikuta mahali nilipodanganya — kipande cha tisa ni viraka viwili vilivyoungwa kwa aibu.

Jana sikwenda kuogelea, nimesingizia mafua. Leo mwalimu wa maigizo amepiga simu kuuliza mamba anaendeleaje. Nikamwambia amelala. Si uongo, amelala kuanzia dirishani hadi jikoni. Ila nimekata simu upesi. Watoto arobaini wamefanya mazoezi ya kumkimbia mamba huyu, na mimi nimemtawanya kwa ajili ya karatasi.

Jumapili, 10 Machi

Nimeanza kumshona upya mamba, kichwa kimerudi. Tarumbeta sijaigusa. Hesabu nimefanya dakika sita. Mshika mawili moja humponyoka, na mimi nilishika matano. Kidole gumba kimevimba.

Jumatatu, 11 Machi

Violezo vimekamilika, nakala mbili. Moja ya chuo, moja ya nyumbani. Mamba yeye yuko nusu — kichwa, kifua na miguu ya mbele. Mgongo wa chini na mkia bado, vipande kumi na vitatu, na kesho saa mbili natakiwa kuondoka. Leo jioni nikainamisha kichwa juu ya cherehani, nikasema sitaweza. Nilisema kwa sauti. Sikujua Baba yuko nyuma yangu.

Baba alikuwa fundi baiskeli miaka thelathini. Cherehani hajawahi kuigusa ila kuitia mafuta. Akaniambia nisogee. Akavaa miwani, akainua karatasi, akauliza hii namba na mshale maana yake nini. Nikasema kumi na mbili inashikana na kumi na tatu, pale mshale unapoelekea. Akabana pini kama mtu anayeziba pancha, polepole, ulimi nje. Akashona.

Mshono ulikuwa umepinda kidogo, lakini vipande vilikutana. Pembe kwa pembe! Mimi sikuwa nimemwambia kitu kingine chochote.

Akauangalia, akaniangalia. "Kumbe inasomeka."

Nikaenda kunawa uso, kwa sababu nilikuwa nalia na sikutaka kulowesha magamba. Niliporudi akasema kesho niende zangu chuo, mkia ni wake.

Jumanne, 12 Machi

Nimo kwenye korido ya chuo. Benchi refu, tuko tisa, kila mtu anajifanya hana wasiwasi. Violezo tumeshakabidhi mezani saa tatu na nusu, wako ndani wanavipitia. Naandika nikisubiri kuitwa.

Baba amepiga. Kwanza akaniuliza kama nimekula, kwa hiyo nikajua kuna jambo. Pasi imeunguza kipande cha kumi na nne, pale mkia unapoanza. Akasema nisihangaike, pazia lilibaki, amekata kingine kwa kufuata karatasi yangu. Amekata juu ya mstari, hajapunja hata kidogo. Na hakifiki. Kimepungua vidole viwili.

Nikamwambia amekosea. Akasema inawezekana, basi aweke kile kilichoungua juu ya karatasi. Nikamsikia anapapasa meza. Akasema kwa upole kwamba kile cha zamani kinazidi karatasi, vidole viwili, upande mmoja tu.

Upande mmoja! Jumamosi kitambaa hicho kilikuwa kinatoa nyuzi pembeni. Niliukunja ukingo, nikaupiga pasi, nikachora hivyohivyo ukiwa umekunjwa.

Nimemwambia aongeze vidole viwili upande huo, akate tena. Atawahi, saa tisa bado iko mbali. Mamba atapona. Kisha Baba akauliza, "Na ile karatasi uliyowapa hao?"

Nikasema wanayo wao, ndani. Halafu akasema haya, wewe ndiye fundi, akakata simu.

Nafikiri. Hakuna atakayejua. Nani atashona mkia wa mamba katikati ya usaili? Kwenye karatasi, kipande cha kumi na nne kinapendeza kuliko vyote, mshale wake nimeunyoosha kwa rula. Naweza kukaa kimya na kutabasamu. Lakini fundi asiyenijua akifuata karatasi yangu atapata mkia usiofika, naye atadhani kosa ni lake, kama nilivyodhani mimi mara tatu na lile koti.

Mlango umefunguka. Mama mmoja mwenye miwani juu ya paji la uso, ameshika karatasi zangu — mishale ile naijua. Anaangalia benchi zima. Anauliza mamba ni wa nani.

Nimeinua mkono wa kushoto. Wa kulia unaandika: kipande cha kumi na nne, ongeza vidole vi