Nilidhani Bahari Imekauka

Mpendwa Mama Euphrasia, shikamoo, naomba msaada wako kabla sijazama, na kuzama ninakosema si kwa mafumbo, ni kuzama kabisa kwenye lambo la kijijini kwetu hapa karibu na Mhunze, siku ya Saba Saba, mchana kweupe, mbele ya mchumba wangu na baba yake.

Mimi ni mcheza ngoma ya nyoka, ninamvaa chatu shingoni watu wazima wakakimbia, na mwaka huu kikundi chetu kilialikwa Bagamoyo kwenye maonyesho ya ngoma, tukaenda, nikaiona pwani kwa macho yangu, jua hilo, wachonga milango, wapiga ngoma wa kila kabila, vijana wanapiga mbizi na kuibuka na makombe, nami nikajiona wa pwani tayari. Asubuhi moja naamka, bahari haipo. Imeondoka! Mchanga mtupu mpaka mbali huko, na huko mbali kuna fungu la mchanga kama kisiwa, sasa mimi Msukuma, kwetu lambo likikauka limekauka, maji yakiondoka ni mpaka mvua za Novemba, nikamwambia Kamili mpiga ngoma wetu, "Maskini watu hawa, ukame umewafikia," nikavua viatu nikamwachia, nikatembea kwa miguu mpaka kile kisiwa, nikajilaza juani nikapitiwa na usingizi. Ninashtuka, maji yamerudi pande zote bila hata kubisha hodi! Nikalia "Mayu wane!", namwita mama yangu, mwanamume mzima mwenye ndevu, mpaka akina mama wawili waliokuwa wakichokoa pweza wakanifuata, maji kifuani, mmoja akanishika mkono, mwingine akanishika kaptula, wakaniburuta hadi nchi kavu kama mbuzi wa mnadani, na Kamili amesimama pale na viatu vyangu, anacheka.

Ningenyamaza yakaisha. Lakini nyumbani nilipoulizwa habari za bahari nilisema, "Nilifika kisiwani, nikarudi kwa kupita majini," na Mungu shahidi, hapo sijadanganya hata neno, ila mzee Mageni, baba wa mchumba wangu Limi, akapiga makofi akasema, "Kumbe binti yangu namtoa kwa mwanamume kweli!" habari ikamfikia katibu wa tawi, naye ametangaza mkutanoni kwamba Saba Saba Maduhu, yaani mimi, atavuka lambo kwa kuogelea, ng'ambo hadi ng'ambo, vijana wajifunze. Mama, lambo mwaka huu limejaa, ng'ombe wenyewe wananywa pembeni pembeni, na mimi sijui kuogelea hata kwenye beseni. Nikikataa, mzee Mageni ndiye mtunzi wa kundi la ngoma tunaloshindana nalo, atanitungia wimbo, na wimbo wa mashindano ya baada ya mavuno huku kwetu hauzeeki, nitazikwa nao.

Na Limi naye ananivunja moyo. Badala ya kujivuna ananiambia, "Si useme mguu unakuuma?" Kila jioni anasuka kamba ya katani, ndefu, eti siku hiyo atanifunga kiunoni yeye ashike ncha, "urembo tu." Muogeleaji gani anafungwa kamba kama ndama? Hata Kamili, ambaye ni mtoto wa mama mdogo wa Limi, akimkuta anasuka anaangalia pembeni. Nimeanza kujizoeza kwa kujimwagia ndoo ya maji usoni huku nimebana pumzi. Je, yatatosha?

Maduhu, Mhunze

JIBU

Marahaba, Maduhu. Hayatatosha.

Nimeicheka barua yako mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini, kisha nikaisoma mara ya pili na sikucheka. Kwa bahari nakupa pole. Kujua maji kupwa na kujaa si jambo la kuzaliwa nalo, na wewe si wa kwanza kutoka bara kukimbizwa na maji hayo. Kosa lako lilianza pale mzee wa watu alipopiga makofi nawe ukayapokea. Hukudanganya hata neno? Ala! Umewaacha watu wajidanganye wenyewe, ukakaa unawatazama.

Tena unamshika chatu kwa mikono mitupu, halafu unaogopa wimbo! Wimbo haujamuua mtu. Malambo yameua, waulize wachunga ng'ombe.

Hivi barua yako mwenyewe umeisoma? Binti anakutafutia ugonjwa wa mguu. Binti anasuka kamba. Kamili anaangalia pembeni. Limi anajua, baba! Anajua siku nyingi, amenyamaza asikuaibishe, anangoja umwambie kwa mdomo wako, na usipomwambia amejiandaa kukuvuta. Nawe unalalamika kwamba anakuvunja moyo. Akili zako umeziacha kule kisiwani?

Fanya hivi. Nenda kwa Limi umweleze yote, kilio na kaptula usivifiche. Kisha nendeni wawili kwa katibu wa tawi mapema, si asubuhi ya Saba Saba yenyewe, aifute hiyo safari yako. Halafu tunga wimbo. Ndiyo, wewe! Uimbe wa kwanza siku ya mashindano, chatu akiwa shingoni, wimbo wa mwanamume aliyewapa watu wa pwani pole ya ukame. Ukishajicheka mwenyewe kwa sauti hiyo, mkweo atatunga nini tena? Ataitikia kiitikio tu. Na wale akina mama wa pweza, ambao katika barua ndefu hivi hukusema kama uliwashukuru, wape ubeti wao, mrefu.

Kuhusu ile kamba, usiidharau tena. Hiyo ni ya kuvutia ng'ombe wa mahari, wewe unataka kuifanya ya kuvutia maiti. Nenda leo, kabla hajamaliza kuisuka.