Mkasi Ukilia, Kitoke Kitu

Mwaka umeshazunguka, Baba Mdogo, tangu uanguke ukiwa umemnyoa Mwalimu upande mmoja tu, na sisi bado tumesimama palepale tumeshika vichwa.

Asubuhi ile ulikuwa unacheka. Hilo ndilo linalotushinda. Ungekuwa mgonjwa tungejiandaa hata kidogo. Wewe ulikunywa chai umesimama kama kawaida yako, ukamtania Bibi kwamba siku hizi anaamka saa za mabosi, ukatia vipande vya ini mfukoni, ukatoka. Chai uliyobakiza haijapoa vizuri, tukamwona fundi pikipiki, jirani wa saluni yako, mlangoni. Mikono imejaa oili, hajui aanze na nani.

"Kinyozi ameanguka," akasema.

Mama Mdogo akamjibu, "Mwambie aamke, ana wateja."

Alidhani ni utani wenu. Wewe na utani mlikuwa chanda na pete. Ndiyo maana hatukukimbia mara moja. Tulikuwa tunasubiri fundi acheke. Hakucheka.

Moyo umesimama tu, daktari alisema. Umesimama tu! Kama mtu anayesimama barabarani kufunga kamba za viatu.

Mwalimu wa hesabu alikuja kukuzika na kichwa nusu. Upande mmoja unang'aa, upande mwingine kichaka. Watu wakamnong'oneza, "Mwalimu, si ungepita hata kwa kinyozi mwingine?" Akasema, "Mimi nina kinyozi wangu." Hakuna aliyecheka. Wa kucheka alikuwa wewe.

Yeye ndiye aliyetusimulia. Ulipoanguka, mashine ya kunyolea ilianguka na wewe, ikawa inanguruma sakafuni. Na Wasiwasi, mbwa wako aliyekuwa anaiogopa ile mashine kuliko radi, alitoka chini ya kiti akaja kulala karibu na mkono wako, pua yake karibu kabisa na mashine. Hatetemeki. Watu walipojaa ndani kukubeba ndipo akarudi chini ya kiti.

Unakumbuka alivyokuja? Aliingia saluni siku ya mvua, amelowa, mbavu nje, akajibana chini ya kiti cha kunyolea. Ukiwasha mashine anajikojolea. Fundi akipiga kiki pikipiki huko nje, anagonga kichwa kwenye chuma cha kiti. Wateja wakawa wananyolewa miguu juu. Wao ndio waliompa jina.

"Hivi unafuga mbwa au unafuga mtetemeko?" fundi alikuuliza. "Mbwa ni fimbo, ndugu yangu. Mpe mbili tatu atanyooka."

Ukamjibu huku unafuta mkasi, "Wewe si ulichapwa sana utotoni? Umenyooka?"

Saluni nzima ikalipuka. Fundi mwenyewe alicheka mpaka akashika mlango.

Wewe hukuwa na fimbo. Ulikuwa na mkasi. Vinyozi wote huliza mkasi hewani kabla ya kugusa nywele, kacha-kacha, lakini wewe uliufanya ahadi. Mkasi ukilia, ini linatoka mfukoni. Mwanzo ulikuwa unampa bure, ajue tu kwamba mlio huo ni wa heri. Halafu ukalaza mashine sakafuni ikiwa imezimwa. Akiinusa, kacha, ini. Halafu ukanituma mimi niiwashe kule nyuma, mlango umefungwa, nisogee nayo kidogo kidogo kila siku. Akianza kutetemeka ulikuwa unaniambia, "Rudi nyuma, mwanangu. Tumemharakisha." Hukusema mbwa amekosea. Kila mara tulikuwa sisi.

Ukambana fundi pia, awe anapiga mluzi kabla ya kuwasha pikipiki, ili wewe uwahi mfukoni. "Nimekuwa tarumbeta ya mbwa," alikuwa analalamika. Lakini hakusahau hata siku moja.

Na wateja! "Yaani mbwa anakula ini, sisi tunakula nywele?"

"Na wewe tulia nikunyoe. Ukitulia nitakupa."

Miiko yako ilikuwa miwili tu. Wa kwanza, asivutwe. "Woga hauvutwi kwa kamba," ulikuwa unasema. "Ukiuvuta, unakuja na meno." Wa pili, mkasi ukilia, kitoke kitu. Usimdanganye hata akiwa ameshiba.

Hata mimi nilikuwa chini ya kiti changu, Baba Mdogo. Nilikuwa nakunja taulo nyuma ya pazia, na kila mgeni nyumbani alikuwa anauliza, "Huyu mtoto haongei?" Wewe hukuniuliza. Siku niliyochungulia nikamwambia mteja, "Karibu, kaa," hukunitazama hata. Uliliza mkasi hewani. Wasiwasi akachomoka kuja kudai ini lake, na ukampa.

"Umesema wewe, amelipwa yeye," ukaniambia. "Ndiyo dunia hiyo."

Tulipotoka kukuzika tulikwenda kufunga saluni. Majirani wakatufuata. Wasiwasi alikuwa bado chini ya kiti. Hakuwa amekula wala kunywa tangu ulipobebwa, na kosa lilikuwa letu, ingawa tulidhani ni wema. Tulimnyamazishia kila kitu. Baba alimwambia fundi asiwashe pikipiki wala asipige mluzi, kwa heshima yako. Bibi aliuviringisha mkasi wako kwenye taulo, akawa anatembea nao kifuani kama mtoto mchanga. Tukamwekea mbwa bakuli la ini mbele ya pua, tukamwacha kwenye ukimya. Hatukujua kwamba bila ile milio yako yule mbwa hajui kama dunia bado ipo.

"Atakufa humo chini," Mama Mdogo alisema. "Na mimi siziki wawili wiki moja."

Baba akachukua kamba. Alikuwa anataka kumwokoa, usimlaumu kaka yako. Akainama, akaipitisha chini ya kiti. Wasiwasi akatoa meno. Yule yule ambaye hata panya walikuwa wanampita, alitoa meno.

"Asivutwe!"

Watu wote waligeuka kutafuta aliyesema. Ilikuwa ni mimi.

"Nani kasema?" Baba akauliza.

"Mimi."

"Sema tena, mama. Nimekusikia vibaya."

"Asivutwe, Baba. Anasubiri mkasi."

Bibi akakumbatia taulo lake. "Mkasi wa mwanangu haulii tena. Umelia ukaisha."

Ndipo Mwalimu, na kile kichwa chake nusu, akapiga magoti mbele ya Bibi. "Mama, mwanao ameacha kazi katikati. Mimi ninaweza kusubiri. Huyu hawezi."

Bibi akafungua taulo polepole. Nilitaka kuupokea mkasi, hakunipa. Akatia vidole vyake mwenyewe pale ulipokuwa unatia vyako. Mimi nikashika ini, maana mwiko ni mwiko.

Kacha.

Wasiwasi alichomoka kama jiwe la manati. Lakini hakuja kwangu, wala kwenye ini. Alipita katikati ya miguu ya Bibi, akaruka kamba, akafika mlangoni, akasimama anatazama barabara, huku na huku. Mkia unatikisika.

Na sisi sote, Baba Mdogo, watu wazima na akili zetu, tuliotoka kukufukia muda si mrefu, tuligeuka kuangalia mlangoni. Baba na kamba yake. Mwalimu akiwa bado magotini. Bibi na mkasi juu. Kwa sababu mkasi ulikuwa umelia.

Mkia ukapungua, ukapungua, ukasimama.

Nilichuchumaa mbali naye, nikanyoosha mkono wenye ini. Hakuna aliyemwita. Fundi alimzuia mteja mmoja asiwashe pikipiki. Tulisubiri mpaka miguu yangu ikafa ganzi, na akaja mwenyewe, akala kiganjani mwangu. Ndipo Mama Mdogo akalia kwa sauti. Alikuwa hajalia tangu fundi asimame mlangoni.

Siku hizi Mama Mdogo ndiye ananyoa. Alianza kwa kummalizia Mwalimu, na mstari ukaenda kombo. Mwalimu akajitazama kwenye kioo, akasema, "Pembe hii haimo kwenye vitabu vyangu," akaja tena na tena. Fundi bado anapiga mluzi. Taulo nazikunja mbele ya pazia, na wateja nawakaribisha mimi. Mashine ikinguruma, Wasiwasi anapiga miayo.

Mkasi ukilia tunampa ini lake, hatujamdanganya hata mara moja. Analila lote. Akimaliza anageuza kichwa, anaangalia mlangoni.

Na sisi tunaangalia.

Unakumbukwa na mama yako, ambaye kila asubuhi anaufuta ule mkasi kabla hajampa mkeo. Na mkeo, ambaye bado anamimina vikombe viwili. Na kaka yako, aliyeitupa ile kamba. Na mimi, mwanao wa nyuma ya pazia. Unakumbukwa na Mwalimu, na fundi, na wateja wote uliowaahidi ini. Na Wasiwasi, chini ya kiti.

Kila mkasi utakapolia, Baba Mdogo, tutakukumbuka.