Kikombe cha Maziwa cha Baba

Kisarawe, 9 Juni 1975

Mpenzi Mboni,
Salamu nyingi. Tu wazima, isipokuwa baba yako. Lile jeraha la jembe bado linatoa usaha, homa haishuki. Jana mganga wa zahanati alimfokea mbele ya wagonjwa: "Mzee Mfaume, dawa unazitupa! Mguu huu utakatwa!" Baba yako akainamisha kichwa. Na kapsuli namwekea mimi mkononi, kila moja na kikombe cha maziwa ya kupoza ukali wake. Kopo lenyewe la maziwa nililipangia foleni duka la ushirika tangu alfajiri.
Shangazi yako, Zubeda

Mlandizi, 12 Juni 1975

Shangazi,
Shikamoo. Habari za huko? Mimi mzima, ila nina hasira. Baba hatupi dawa. Ni maziwa! Mganga wa huku aliniambia kabla hujaja kumchukua Baba, akiwa hajitambui kwa homa: dawa hiyo, tetrasaiklini, imezwe kwa maji, saa moja kabla ya kula. Maziwa huishika tumboni isiingie mwilini. Baba anameza, dawa haimfikii, halafu anatukanwa! Acha maziwa leo. Kamwambie mganga ukweli, amwombe Baba radhi.
Mwanao, Mboni

Kisarawe, 19 Juni 1975

Mboni,
Marahaba, ingawa shikamoo yako imekuja na ngumi. Darasa la saba umemaliza juzi, leo unanifundisha kuuguza? Baba yako nimembeba mgongoni mimi alipokuwa mchanga. Hata hivyo nilikwenda kwa mganga. Akasema maneno yako yaleyale, akaanza kumpa dawa upya, kwa maji. Usaha umekauka, mguu haukatwi. Radhi hakuomba. Maziwa nimewapa watoto wa jirani huku nalia.
Lakini nijibu. Siku niliyokuja kumchukua, kapsuli ya kwanza nilimpa kwa maziwa hapohapo kwenu. Ulikuwa mkekani, unanitazama. Kwa nini ulinyamaza?
Shangazi yako, Zubeda

Mlandizi, 23 Juni 1975

Shangazi,
Shikamoo. Nimefurahi kuhusu mguu wa Baba, nimesoma mstari ule mara nyingi.
Sikunyamaza. Nilisema, "Shangazi, mganga amesema..." Ukanikatiza: "Haya, daktari wa darasa la saba!" Wote wakacheka, hata Baba na homa yake. Hapo ndipo niliponyamaza, mpaka barua yako ilipofika.
Hasira niliyokuandikia, nusu ilikuwa juu yangu mwenyewe. Nusu nyingine bado ni juu yako.
Mwanao, Mboni