Karatasi Isiyo na Shabu

Jumanne, 20 Januari
Sijamwambia mtu, hata mama: namchukia Salha, tunayefanya naye kazi. Namchukia nikichemsha mwani, namchukia nikiuchuja. Ute umetoka mzito leo, nimeongeza maji. Juu ya ute huo rangi huelea, ikachorwa kwa kitana, kisha karatasi ikalazwa juu yake ikaupokea mchoro. Lakini karatasi isiyopakwa maji ya shabu, lile jiwe jeupe la dukani, haishiki rangi. Kupaka shabu ndiyo kazi yangu tangu nimalize skuli. Kila iliyopakwa naitia alama ya penseli pembeni, maana ikikauka huijui kwa macho.

Mchoro wa matuta ni wangu. Niliubuni wenzangu wakiwa wamekwenda kula, kwa kitana nilichokitengeneza kwa pini za mtandio. Mchanga wa Jambiani maji yakitoka, vile vile. Salha aliuona. Jana kamwonyesha Bi Zuhura, mwenye karakana, akasema kaubuni yeye. Mimi nimesimama pale pale. Nikaendelea kupaka shabu.

Alhamisi, 22 Januari
Jumamosi wanakuja wageni wa hoteli moja ya Paje. Salha atachora mbele yao. Wakiupenda mchoro watauchukua, na nyuma ya kila karatasi litaandikwa jina la aliyeubuni. Jina la Salha. Nyuma ya mchanga wangu.

Nilimfuata kwenye ngazi, nikamwambia taratibu kuwa anajua ni wa nani. Akacheka.

"Kumbe bubu wetu ana ulimi. Haya shoga, kawaambie wageni, kama sauti itakutoka."

Haitanitoka. Anajua.

Ijumaa, 23 Januari
Karatasi za kesho nimezipaka maji matupu. Zote. Nikazitia alama ya penseli kama kawaida. Nimerudi nyumbani Kikwajuni, nimekula vizuri.

Jumamosi, 24 Januari
Salha alinyunyiza rangi, akavuta kitana changu, akalaza karatasi, akainyanyua. Wageni wakapiga makofi. Kisha akaisuuza. Matuta yote yakateremkia ndooni, buluu na kahawia, ikabaki karatasi nyeupe. Akachukua nyengine. Vile vile. Akalia mbele ya watu.

Nilifurahi. Naandika tena: nilifurahi.

Bi Zuhura aliwaomba wageni warudi wiki ijayo. Walipoondoka akachukua karatasi kavu, akailamba pembeni. Shabu hukaza ulimi. Hii haikukaza. Akampa Salha, naye akailamba. Wote wawili wakanitazama.

Bi Zuhura akauliza kwa nini. Sauti ikanitoka, mbaya, kama si yangu. Nikasema mchoro ni wangu, kaniibia. Salha hakukana.

Nilidhani nitafukuzwa. Bi Zuhura akafunika sinia la ute.

"Jumamosi utachora wewe, mwanangu. Salha ndiye atakayekupakia shabu. Na sitaki kumwona mtu analamba karatasi kuijaribu."

Jumatano, 28 Januari
Salha anapaka shabu kwenye chumba cha nyuma, peke yake. Hanisemeshi. Nimeziona karatasi zimeanikwa, kila moja na alama yake ya penseli. Alama si kitu. Nani ajuaye kuliko mimi?

Ningekuwa yeye ningepaka maji. Nazisubiri zioshwe mbele ya wageni, nionekane mjinga, kisha nimchukie vizuri zaidi.

Sijala.

Jumamosi, 31 Januari
Wageni walikuja. Salha alinipa karatasi kwa mikono miwili, hakuinua macho. Nikavuta kitana. Nikailaza, nikainyanyua. Nikaisuuza.

Rangi ilibaki. Matuta yote, hata yale membamba kama uzi. Bi Zuhura akawatajia wageni jina langu. Wameuchukua mchoro.

Salha ndiye aliyeshika ndoo. Maji yalikuwa safi, nikamwona uso wake humo.

Niliendelea kuisuuza karatasi ile, zaidi ya inavyotakiwa, mpaka Bi Zuhura akanishika mkono akasema inatosha. Akadhani ni woga. Si woga. Nilitaka rangi itoke, tuwe sawa.

Wewe unayesoma haya, kama upo, usimwambie mtu. Salha usimwambie kabisa.