Mafuta ya Mkia wa Kondoo

Karatu, Jumanne, Julai 1965

Na mimi nilivyokuwa nikimcheka Baba!

Leo mwalimu mwenzangu wa sayansi amewaambia watoto kwamba lenzi ikipakwa utando mwembamba sana, hata wa mafuta, hairudishi mwanga mwingi, inaupitisha. Nilikuwa mlangoni na chaki mkononi, nikasahau nilikokuwa nakwenda.

Baba alikuwa askari wa wanyamapori Ngorongoro. Kila asubuhi, kabla ya kutafuta faru kule chini kwenye kreta, alichovya kidole kwenye mafuta ya mkia wa kondoo, akagusa lenzi za darubini yake, kisha akazifuta kwa kitambaa mpaka mafuta yasionekane.

"Baba, unachafua kioo."

"Mwanangu, mimi naona faru. Wewe unaona mafuta."

Sijui kama utando wake ulikuwa mwembamba kiasi hicho. Nilitaka tu kuhakikisha.

Nilipotoka shule nikaitoa darubini yake kabatini. Lenzi zilimetameta, zikanirudishia uso wangu mwenyewe. Hapo nikakumbuka: wiki ile ya msiba wa Baba nilizisugua kwa sabuni mpaka zikatakata.

Nilidhani namheshimu.